Hesabu ya Wazee wa Wanervii

Vitabu vingi vinavyowataja Wanervii, kabila la kaskazini mwa Gaul ambalo nchi yake leo imegawanyika kati ya Ubelgiji na Ufaransa, huwazika mwaka 57 KK. Ushahidi ni namba alizoziandika jemadari wa Roma, Julius Caesar, katika kitabu chake cha vita vya Gaul, baada ya mapigano ya mto Sabis: katika baraza la watu 600 walisalia 3, na katika wanaume 60,000 wa kushika silaha walisalia 500 tu. Jina lao, anasema, lilikaribia kufutika.

Tatizo ni kwamba maiti hawa hawatulii kaburini, tena ndani ya kitabu hichohicho. Mwaka 54 KK Wanervii, pamoja na majirani zao, waliizingira kambi ya Quintus Cicero, mmoja wa makamanda wa Caesar. Hawakuwa na zana za kuchimbia. Walikata udongo kwa panga, wakaubeba kwa mikono na kwa majoho yao, wakachimba handaki na kuinua boma kama walivyowaona Warumi wakifanya. Miaka miwili baadaye wakapangiwa kutoa maelfu ya askari wa kwenda kumwokoa Vercingetorix, kiongozi wa Wagaul walioasi, aliyezingirwa na Caesar katika mji wa Alesia. Wavulana wa mwaka 57 walikuwa wamekua, hilo nakubali. Lakini wavulana hao peke yao hawafikii hesabu hiyo.

Jibu la haraka ni kwamba Caesar alitia chumvi, na sababu anayo. Seneti ilimpa siku 15 za kuishukuru miungu kwa ushindi wa mwaka ule, heshima ambayo hakuna jemadari aliyewahi kuipata kabla yake. Mtu wa namna hiyo hapunguzi idadi ya maadui aliowaua.

Hata hivyo, tazama namba zile anamwekea nani mdomoni. Hasemi aliwahesabu wafu. Anasema wazee wa Wanervii, waliokuwa wamefichwa pamoja na wanawake na watoto kwenye vinamasi, walituma wajumbe kuomba amani, na ndio waliosimulia msiba wao hivyo. Hapo ndipo wasomaji wengi hupita mbio. Mzee anayesimama mbele ya mshindi akiwa na familia nzima matopeni nyuma yake ana kila sababu ya kusema: tumekwisha, hatuna tena watu wa kukutisha. Na maneno yalifanya kazi. Caesar aliwaachia ardhi na miji yao, akawaamuru majirani wasiwaguse. Linganisha na Waaduatuki, washirika wao, msimu huohuo: walisalimu amri huku wameficha silaha, wakashambulia usiku, na watu 53,000 wakauzwa utumwani. Kwangu mimi, wale wazee ndio waliolivusha kabila, kuliko hata Boduognatus aliyeongoza mapigano yenyewe.

Wapo wanaoukataa usomaji huu, na hoja yao si nyepesi. Wanasema kupunguza idadi ni kumsafisha mvamizi, na kwamba Gaul iliteketezwa kweli. Waeburoni, waliozingira kambi ile pamoja na Wanervii, walisakwa mwaka 53 KK hadi jina lao likatoweka katika historia. Ni sahihi. Pale Sabis penyewe Wanervii walipigana wakiwa wamesimama juu ya miili ya wenzao, kwa hiyo waliokufa walikuwa wengi mno kwa kipimo chochote. Pia maneno ya wazee tunayapata kwa kalamu ya Caesar peke yake, na angeweza kuyatunga.

Ila kama aliyatunga, aliyaacha yapingane na habari zake mwenyewe za miaka iliyofuata, na bado deni la kueleza jeshi la mwaka 54 linabaki kwa wanaoziamini namba zile. Wanervii hawakwenda popote. Chini ya utawala wa Roma mji wao mkuu ulikuwa Bagacum, ambao leo ni Bavay, na vikosi vyenye jina lao vilipelekwa kulinda mipaka ya Uingereza.