Gécamines si kesi ya ujamaa, lakini wajamaa wana la kujibu

Ukikaa na wanafunzi wa chuo kikuu hapa Lubumbashi, mjadala wa itikadi hauchelewi kufika Gécamines, kampuni ya serikali ya Kongo inayochimba shaba. Mmoja atasema ujamaa ndio ulioiangusha, maana serikali haijui biashara. Mwingine atajibu kwamba mabepari walitunyonya tangu enzi za Wabelgiji na wanaendelea, kwa hiyo migodi yote irudi mikononi mwa taifa. Nadhani wote wawili wanairuka historia ya kampuni yenyewe, na sisi ndio tunaopoteza kwa mjadala wa namna hiyo.

Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, iliundwa mwaka 1906. Tarehe 1 Januari 1967 Rais Mobutu akachukua mali zake na kuzikabidhi kampuni mpya ya serikali, ile iliyokuja kuitwa Gécamines. Mwezi uliofuata Nyerere akatangaza Azimio la Arusha, na kwa sababu ya tarehe hizo kukaribiana watu huzitia hatua zote mbili kapu moja. Hazifanani. Azimio lilikuwa na nadharia: njia kuu za uchumi ziwe za wakulima na wafanyakazi, na kiongozi asimiliki hisa wala nyumba za kupangisha. Mobutu hakuahidi lolote la aina hiyo. Ilani ya N'Sele ya chama chake cha MPR, Mei 1967, ilijitenga na ubepari na ujamaa vilevile. Na baada ya kutaifisha, kazi ya ufundi na uuzaji wa shaba iliachiwa Société Générale des Minerais, kampuni ya kundi lilelile la Wabelgiji. Novemba 1973 ikaja zairianisation: maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa watu binafsi, wengi wao wenye jamaa serikalini. Anayeuita huo ujamaa anauonea.

Hata hivyo hatuwezi kuwafukuza wakosoaji wa ujamaa mlangoni. Wana hoja, na si zote zenye uzito sawa hapa kwetu.

Hoja maarufu ni ya mchumi Ludwig von Mises, ya mwaka 1920: pasipo soko la mitambo na malighafi hakuna bei, na pasipo bei mpanga uchumi wa serikali hawezi kujua anapata au anapoteza. Kwa Moscow ilikuwa hoja nzito. Kwa Likasi na Kolwezi, miji yetu ya migodi, haitufikishi mbali, kwa kuwa bei ya shaba ilipangwa London na kila mhasibu wa Gécamines aliijua. János Kornai, mchumi wa Hungaria, alisema kampuni ya umma hulegea kwa sababu inajua hazina itaifidia hasara. Kwetu mambo yalikwenda kinyume: hazina ndiyo iliyoikamua kampuni. Tangu 1974 mauzo ya nje yalipitia Sozacom, shirika la serikali, na fedha zilizohitajika kununua vipuri na kuimarisha migodi zikaishia Kinshasa. Bahati mbaya nayo haikukosa: bei ya shaba ilianguka mwaka huohuo, na 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, njia ya shaba kwenda baharini. Bado katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilizalisha zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na miaka michache baadaye uzalishaji haukufika hata tani 50,000.

Anayetugusa hasa ni Milovan Djilas, mkomunisti wa Yugoslavia aliyeandika mwaka 1957 kuhusu tabaka jipya: kwenye karatasi mali ni ya wananchi, lakini anayeitumia ni yule mwenye ofisi. Hapo ndipo wajamaa wanapaswa kujibu bila kukwepa. Mchimbaji wa Kipushi alikuwa na njia gani ya kumwondoa mkurugenzi? Hakuwa nayo. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeunganishwa mwaka 1967 kuwa kimoja tu, chini ya kivuli cha chama tawala. Nadharia inayosema mali ni ya wafanyakazi bila kuonyesha mfanyakazi atamdai nani hesabu ina pengo, hata kama Mobutu hakuwa mjamaa.

Lakini anayesifu sekta binafsi aulizwe swali hilohilo. Desemba 1941, chini ya Union Minière, wafanyakazi waliogoma hapa mjini wakidai mshahara walipigwa risasi na askari. Kampuni hiyo, ambayo wazee waliiita baba na mama, ilitoa posho, nyumba, shule na hospitali, na kwa njia hiyohiyo ikayashika maisha ya mtu tangu asubuhi hadi usiku. Mwaka 2003 zaidi ya watu 10,000 waliondoka Gécamines kwa malipo ya mkupuo, katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Katika makambi ya zamani utaona kilichofuata: meza ya unga, makala (makaa) na mafuta mbele ya nyumba, na mke ndiye anayetafuta pesa ya bukari (ugali) wakati mume anakumbuka posho.

Kwa upande wa tani, wabinafsishaji wameshinda. Tangu sheria ya madini ya 2002 wawekezaji wamemiminika, na sasa nchi inazalisha zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka. Siwezi kulidharau hilo. Ila Chile inawasumbua: bunge lilitaifisha shaba mwaka 1971 bila kura hata moja ya kupinga, na Pinochet, adui mkubwa wa wajamaa, hakuirudisha migodi hiyo kwa Wamarekani. Codelco ipo hadi leo na ni ya serikali.

Ndiyo maana ningependa vijana wetu wagombanie mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa madini inayochimba. Sheria ya 2018 inaugawa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au sekta yenye mgodi, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mjamaa aseme ile 15 isimamiwe vipi ili mkazi wa mji wa migodi kama Fungurume awe na sauti ndani yake. Naye mliberali aseme ni mkaguzi gani atakayeifuatilia, na nani atamlipa.