Laki Nne za Sauti: Sabufa Mpya au Ampli ya Mtumba?

Mtu wa Tabora mwenye laki nne mkononi, anayetaka sauti ya sinema sebuleni, kwa kweli ana njia mbili. Aingie duka la vifaa vya umeme mjini atoke na sabufa mpya yenye spika zake, bluetooth na rimoti. Au asake ampli (mashine ya kukuza sauti) ya hom thieta ya mtumba, Yamaha, Denon au Sony ya miaka kumi na zaidi iliyopita, kisha aitafutie spika. Wapenzi wa muziki hawasiti: mtumba. Mimi pia naelemea huko, ila si kwa kila nyumba.

Kwanza wati, maana hapo ndipo watu wanapopigwa. Boksi la sabufa limeandikwa wati 10,000 kwa maandishi makubwa, na pembeni, kwa madogo, PMPO. Hicho ni kilele cha kufumba na kufumbua, na kila kiwanda hujipimia kinavyotaka. Geuza mashine usome kibati cha nyuma: 230V, 50Hz, 60W. Mashine inayovuta wati 60 ukutani haiwezi kutoa hata mia mfululizo, sembuse elfu kumi. Marekani iliwabana watengenezaji kwa kanuni ya mwaka 1974 iliyowataka wataje nguvu ya kudumu. Ndiyo maana Yamaha RX-V385, ampli ya daraja la chini la kampuni hiyo, hutajiwa wati 70 tu kwa kila spika, tena spika mbili zikipimwa kwa pamoja. Ni namba ndogo, lakini unaweza kuiamini. Na usigombane na muuzaji kuhusu 70 na 100: hata ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu.

Kwa hiyo ampli ya mtumba inashinda? Kwa sauti, ndiyo, tena kwa mbali. Maneno ya waigizaji yanasikika bila kufunikwa na mdundo, na spika ikifa unabadilisha spika peke yake.

Tatizo ni umeme. Ampli nyingi za mtumba zilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Nimeiona moja mezani kwa fundi redio, kifuniko wazi: transfoma imekuwa nyeusi, harufu ya vanishi iliyoungua bado inatoka, na mahali pa fyuzi mtu kazungushia waya wa shaba. Ile haikuharibika kwa uzee. Mtu aliichomeka ukutani moja kwa moja, fyuzi ikakata kama inavyotakiwa, akailazimisha. Ukinunua ya volti 100, hesabu na bei ya transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati za kwenye kibati. Iliyotoka Uingereza haina shida hiyo, na mimi ningeilipia zaidi kidogo kwa sababu hiyo tu.

Jambo lisilosemwa sana ni unasikiliza nini. Hom thieta ya spika tano inanoga pale sinema yenyewe imerekodiwa kwa njia tano, yaani kila spika ina sauti yake. Sasa angalia sebule zetu: mpira kwenye king'amuzi, muziki wa simu, na movie za kutafsiriwa kutoka kwenye flashi, ambazo mara nyingi sauti yake ni ya njia mbili. Spika tatu zinazobaki zitagawiwa tu kilekile. Kwa bajeti hii, mimi ningenunua ampli na spika mbili kubwa nzuri, hizo nyingine zije pesa ikipatikana. Wala tundu la HDMI (waya wa picha na sauti) la kizamani kwenye ampli lisikutishe. Chomeka king'amuzi kwenye TV, kisha toa sauti kwenda kwenye ampli kwa waya wa optiko, unaopitisha sauti kwa mwanga na kubeba hata Dolby Digital, sauti ya sinema ya njia tano. TV nyingi bapa zina tundu lake.

Sabufa ina haki yake, na nisingemcheka anayeichagua. Aliyepanga chumba kimoja na ukuta wa jirani, mwenye watoto wanaobonyeza kila kitu, hahitaji mzigo wa kilo kumi wenye nyaya nne. Akinunua mjini, ikizingua ndani ya warranti anairudisha kwa miguu. Ampli iliyotumwa kwa basi kutoka Kariakoo hairudi kirahisi.

Anayeamua mtumba aijaribu kabla ya kulipa. Abebe spika zake na simu. Akiwasha, asubiri mlio wa "tak" wa swichi ya ulinzi ya ndani ikiruhusu sauti ipite, usiposikika, aiache. Azungushe kitufe cha sauti polepole: ikikwaruza ni vumbi, fundi analisafisha. Apige kila tundu la spika kwa zamu, kisha aiache iimbe nusu saa aone kama itajizima kwa joto.