Msimpe mama dawa ya fangasi kwa sababu ya voisi ya WhatsApp

Jumanne asubuhi nimemkuta mama amekaa kitandani, kanga imelowa jasho chapachapa, midomo inatetemeka, namwita haitiki. Kipimo cha sukari kikasoma 2.6, yaani sukari imeshuka mno. Nikamnywesha maji ya sukari kidogokidogo mpaka akarudi, akaniita kwa jina la marehemu shangazi, nikalia palepale.

Kumbe mdogo wangu alikuwa siku ya nne anampa flukonazoli, dawa ya fangasi. Kuna voisi imezunguka kwenye grupu la familia, mtu anasema kwa kujiamini kabisa eti Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kama wa mama, ni fangasi wa kichwani na dawa iko duka lolote. Sasa mama anatumia glibenklamidi ya kisukari, na flukonazoli inazuia mwili usiimalize ile glibenklamidi, inabaki nyingi kwenye damu, sukari inaporomoka. Na pale dukani hakuna aliyeuliza bibi anatumia dawa gani nyingine! Wewe uliyerekodi ile voisi, ungemuua mama yangu.

Sisemi habari yenyewe imetungwa. 2015 timu ya mtafiti Luis Carrasco kule Madrid walichunguza ubongo wa marehemu 11 waliokuwa na Alzheimer, wakakuta dalili za fangasi kwa wote, na kwa wengine 10 wasiokuwa na ugonjwa hawakukuta. 2023 watafiti wa chuo cha udaktari cha Baylor kule Houston, Marekani, wakaonyesha kwa panya kwamba Candida, huyuhuyu wa utando mweupe mdomoni mwa watoto, ana vimeng'enya vinavyomfungulia njia hadi ndani ya ubongo, halafu vinakata protini na kutoa vipande kama vile vya amiloidi, ile inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa. Ni kazi nzito, iendelee, ipewe hela.

Lakini jamani, nani alitangulia, fangasi au ugonjwa? Masika iliyopita sanduku la kanga za mama liliota ukungu, tukaanika, tukafua, ukarudi, mpaka fundi alipopanda juu akakuta bati limetoboka pale pale juu ya sanduku. Ukungu ulikuwepo kweli, ila si ndio uliotoboa bati. Ubongo ulioumwa miaka kumi unaweza kuwa umeshalegea kinga zake na fangasi akaingia mwishoni kabisa, na ukiupasua baada ya mtu kufa huwezi kujua alikuja lini. Halafu wale panya wa Houston wenye kinga nzima walimfukuza Candida wenyewe. Kutoka hapo mpaka kumpa bibi wa miaka 74 vidonge kila siku ni mbali mno, na hakuna utafiti uliothibitisha kwamba dawa ya fangasi inatibu Alzheimer.

Kitu kimoja nakubali: yupo fangasi anayeshambulia ubongo kweli, kriptokoka, hasa kwa mwenye VVU ambaye kinga imeshuka, na anaweza kumchanganya mtu akili. Huyo ana kipimo chake na anatibiwa hospitali. Mzazi akianza kuchanganyikiwa, apelekwe akapimwe, msiseme ni uzee tu.

Mdogo wangu sijamgombeza. Yeye ndiye anamwogesha mama kila asubuhi, anamsuka, anamlisha uji, na mwaka wa pili huu mama anamwita "wewe binti wa watu". Alitaka tu amwite jina lake.