Baada ya panga, nani anamtibu mzee aliyenusurika?

Ukikaa kwenye vikao vinavyojadili wazee wanaotuhumiwa uchawi, iwe Kilifi, pwani ya Kenya, au Kanda ya Ziwa ya Tanzania, utaona mazungumzo yanafuata njia ileile. Polisi wanaeleza doria. Watu wa ardhi wanaeleza hati. Wanaharakati wanadai wapiga ramli chonganishi wakamatwe. Kisha mtu mmoja, mara nyingi muuguzi au ofisa ustawi wa jamii, anauliza wale walionusurika wanaendeleaje, wanalala, wanakula, wanaota nini usiku. Anajibiwa kwa heshima zote kwamba hoja yake ni nzuri, lakini tuanze na usalama, ardhi na chakula, hayo mengine yatafuata. Miaka inapita na hayo mengine hayajafuata.

Wanaosema usalama utangulie hawasemi ovyo. Ushahidi wao mzito zaidi umetoka Meatu, wilaya ambayo leo iko mkoa wa Simiyu. Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha mvua na mauaji katika vijiji 67 vya huko. Mwaka ambao mvua iligoma, au ilipitiliza hadi mafuriko, mauaji ya waliodaiwa kuwa wachawi yalikuwa maradufu ya miaka ya kawaida. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na mara nyingi mkono uliowaua ulikuwa wa ndugu. Njaa inapoingia nyumbani, anayeonekana kula bila kuzalisha ndiye anayetafutiwa sababu, na macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi yanageuka ushahidi.

Kilifi sura ni nyingine kidogo, kwani huko walengwa wakubwa ni wanaume wenye mvi na mashamba, na wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili wasionekane wazee. Chanzo kinafanana: mali na uhaba. Ukiitazama hivyo, shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali, anazopaswa kupata kila mwezi Mkenya aliyetimiza miaka 70, au pensheni jamii ambayo Zanzibar iliianzisha mwaka 2016, ni kinga halisi. Mzee anayeingiza hela nyumbani si rahisi kugeuzwa mzigo. Miguel mwenyewe aliona pensheni kuwa njia ya kuwalinda.

Upande huu una hoja nyingine, na kwangu ndiyo ngumu kuliko zote. Wanauliza: unamtibuje mtu hofu wakati mpwa wake aliyemkata bado anaishi ng'ambo ya uzio? Hofu ya mzee huyo si ugonjwa, ni akili timamu inayomwambia ukweli. Ukimfundisha kuvuta pumzi taratibu na kutulia, unaweza kuwa unamlegeza mbele ya hatari ambayo haijaondoka.

Haya yote nayakubali. Nisichokubali ni kwamba jeraha moja lisubiri lingine lipone.

Tatizo linaanzia kwenye kile watu wanachokisikia. Taja afya ya akili kwenye kikao cha namna hii na wengi wanaiona hospitali ya wagonjwa wa akili, Mirembe ya Dodoma iliyojengwa mwaka 1927, au Mathari ya Nairobi ya mwaka 1910: geti, sindano, mtu anayepelekwa kwa nguvu. Ukilinganisha hayo na hati ya shamba, ni kweli yanaonekana ya mbali na ya gharama. Muuguzi yule haombi hayo hata kidogo.

Anachokijua yeye ni hiki. Chukua bibi wa miaka 72 aliyevamiwa usiku na kukatwa mkono. Hospitali ya wilaya wameushona vizuri. Miezi minane baadaye anaishi kwa binti yake, kata nyingine, salama. Halali mpaka jogoo awike. Kitanda amekisogeza mbali na dirisha, na kila jioni anaburuta kinu kukisimamisha nyuma ya mlango. Mbwa akibweka ghafla, mkojo unamtoka. Kanisani ameacha kwenda kwa sababu njia inapita katikati ya mihogo mirefu. Siku ya kliniki anafungua pindo la kanga, anatoa kadi, anasema moyo unamwenda mbio na kichwa kinamgonga. Anapimwa presha, iko juu, anaandikiwa vidonge vya presha na panadol, anarudi nyumbani. Tabibu hakukosea kwenye presha. Hakuuliza usingizi, na hakuna fomu iliyomtaka aulize.

Kumhudumia bibi huyu si lazima apatikane daktari bingwa. Zimbabwe walilithibitisha hilo kwa namna ambayo ingetupasa tulijue vizuri zaidi. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wa Mbare, Harare, kitongoji kilichokuwa kimebomolewa nyumba na serikali mwaka uliotangulia. Mabibi hao, wahudumu wa afya wa mtaani, walifundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, kisha kumsaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalihusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14 kwa waliokaa benchini, na asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Benchi na mtu aliyefundishwa si anasa kwa wilaya yoyote ninayoijua.

Ila ndani ya utafiti huohuo kuna jambo linalouma. Umri wa kati wa waliotibiwa ulikuwa miaka 33. Bibi ndiye aliyeponya, aliyeponywa alikuwa wa umri wa binti au mjukuu wake. Angalia na kwetu. Majaribio ya Nairobi yaliyochapishwa mwaka 2017 yaliwapa wahudumu wa jamii kazi ya kuwasaidia wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia, na yalifaulu, lakini wengi wao walikuwa mbali sana na uzee. Yale ya Moshi na Bungoma kuhusu tiba ya kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio baya, yalihusu watoto yatima wa miaka 7 hadi 13. Ni kazi nzuri zote. Zinaonyesha kwamba kiwewe kinatibika Afrika Mashariki, kwa watu wetu wenyewe, kwa lugha zetu. Mzee hayumo.

Hapa ndipo kuna namba inayonisumbua kuliko hata zile za vifo, nayo ni 49. Tafiti za kitaifa za afya na watu, zile ambazo Kenya na Tanzania zote mbili zilizifanya mwaka 2022, huwauliza wanawake kuhusu ukatili wakiwa na miaka 15 hadi 49. Asubuhi ya kutimiza miaka 50 mwanamke anatoka kwenye hesabu. Akipigwa na mwanawe, akinyimwa chakula na mkamwana, akifungiwa ndani, akitishiwa panga, takwimu kubwa ya taifa haimwoni. Tafiti hizo ziliundwa kupima uzazi, na kwa uzazi mpaka huo una maana yake. Tatizo limekuja baadaye, pale namba zilezile zilipoanza kutumika kupanga bajeti za ukatili, kufundisha watoa huduma na kuamua dawati la polisi liwe la nani. Tanzania tunalo Dawati la Jinsia na Watoto. Tulikuwa na mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wa 2017/18 hadi 2021/22. Kwa wazee umekuwepo mkakati wa kutokomeza mauaji. Yaani mzee anaingia kwenye mipango yetu akishauawa, au akikaribia.

Kiashiria cha 5.2.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu kinasema wanawake na wasichana wa miaka 15 na kuendelea, bila ukomo wa juu. Nchi zetu ziliyaridhia malengo hayo, kisha tukaendelea kupima hadi 49. Na hata ukomo ukiondolewa kesho, maswali yenyewe yamejengwa zaidi juu ya mume au mwenzi, wakati anayemtesa mzee mara nyingi ni mtoto, mpwa au shemeji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hufanyiwa ukatili wa aina fulani ndani ya mwaka mmoja katika jamii anamoishi, na kwamba ni tukio moja tu kati ya 24 linaloripotiwa. Kadirio hilo la mmoja kati ya 6 limejengwa juu ya tafiti 52 za nchi 28, nyingi zake nje ya Afrika. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.7 wa miaka 60 na kuendelea, na ya Tanzania ya 2022 karibu milioni 3.5. Kukosa kuwauliza watu wengi kiasi hicho ni uamuzi, hata kama hakuna aliyeketi akauamua.

Matokeo yake tunahesabu makaburi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kwamba mwaka 2013 watu 765 waliuawa Tanzania kwa tuhuma za uchawi, 505 kati yao wanawake. Namba hiyo imenukuliwa sana, na ilistahili. Je, ni wangapi mwaka huo walikatwa wakaishi? Wangapi walihama usiku na kuku wawili na sufuria? Wangapi walimwona dada yao akifa? Hao ndio wanaohitaji tiba, na hawana namba.

Wanaotaka tiba ya akili isubiri wanaiona kama kazi ya baada ya tukio. Utafiti wa Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba takriban asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Sasa fikiria mgonjwa wa namna hiyo kijijini. Anaamka saa nane za usiku, anatoka, anapotea, anakutwa alfajiri kwenye kiwanja cha jirani akiwa hana nguo, akiongea na watu ambao hawapo. Mahali pengine familia ingeambiwa huyu ni mgonjwa. Penye mganga wa ramli na mtoto aliyekufa wiki iliyopita, kutembea huko usiku kunatosha kumhukumu. Muuguzi wa zahanati anayeweza kuwaita wanawe, akawaeleza ubongo wa mama yao umepatwa na nini, na akayarudia maelezo hayo mbele ya mwenyekiti wa kijiji, ameokoa maisha kabla panga halijanolewa. Hiyo nayo ni huduma ya afya ya akili, na pia ni ulinzi. Hata doria haiwezi kuifanya.

Kuna pingamizi moja ambalo watetezi wa tiba hulipita haraka mno. Mzee akiandikwa kwamba ana tatizo la akili, karatasi hiyo inaweza kugeuka silaha ya warithi. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya kwa miaka mingi imeruhusu mahakama kumteua mtu asimamie mali ya mgonjwa, na ndugu aliyeshindwa kulipata shamba kwa tuhuma za uchawi anaweza kulijaribu kwa cheti cha daktari. Nimesikia wazee wakisema wazi kwamba bora kuitwa mchawi, mchawi bado ana shamba lake. Kwa hiyo kumbukumbu za huduma hii lazima zibaki kwa mtoa huduma na mzee mwenyewe, ndugu wasizione bila ridhaa yake, na msaada utolewe bila kuhitaji kumpa mtu jina la ugonjwa. Lile benchi la Harare linafanya kazi hivyo, linaanza na tatizo analolitaja mgonjwa.

Turudi kwenye haki, kwa kuwa ndiyo fahari ya upande wa usalama. Kesi za namna hii mara nyingi hutegemea shahidi mmoja, yule aliyenusurika. Anasimama mahakamani mwaka mmoja au miwili baadaye, mbele ya mtuhumiwa ambaye ni damu yake. Kiwewe huvuruga mpangilio wa kumbukumbu: anakumbuka harufu ya jasho na mwanga wa tochi, hakumbuki kama walikuwa wawili au watatu, wala kama mlango ulivunjwa kwanza au dirisha. Wakili anasoma maelezo aliyoyatoa polisi siku ya pili tangu ashonwe, anaonyesha yanapopingana na ya leo. Mzee anatetemeka, ananyamaza. Mtuhumiwa anarudi kijijini. Kama kuna aliyekaa na shahidi huyo kwa wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, akamsaidia kulisimulia tukio mpaka mwisho bila kuzama ndani yake, nafasi ya haki inakua. Vivyo hivyo kwa hati ya shamba: mtu asiyethubutu kupita kwenye mihogo hawezi kwenda ofisi ya ardhi kuifuatilia.

Lile swali gumu la mpwa wa ng'ambo ya uzio bado lina jibu moja la kuanzia. Ganze, kaunti ya Kilifi, kuna kituo cha hifadhi cha Kaya Godoma kinachopokea wazee waliokimbia tuhuma za uchawi. Hao wameshatolewa kwenye uzio ule, na wanaishi pamoja na wenzao waliopitia mambo yaleyale. Sharti la usalama, ambalo kila kikao hulitaja, kwao limetimizwa kadiri linavyoweza kutimizwa kwa sasa. Kaunti ianze na hao: mhudumu wa afya ya jamii aliyefundishwa, siku mbili kwa wiki, na usimamizi wa muuguzi wa afya ya akili kutoka hospitali ya kaunti. Na wapimwe usingizi, hofu na huzuni mwanzoni na baada ya miezi sita, kwa umri wao halisi, 65, 74, 81, ili walau utafiti mmoja wa kwetu uanzie pale ambapo mingine yote inakoma.