Vipele Vikauke Kwanza

Tangu mwanangu aanze chekechea, nyumba yangu imekuwa bohari la magonjwa. Ana miaka miwili na nusu, kuhesabu hajavuka tatu, nyimbo zote anajua mstari mmoja mmoja, ila kwa kuleta vitu nyumbani ni fundi. Wiki ya kwanza kaleta mafua. Ya pili kaleta macho mekundu. Ya tatu kaleta kiatu kimoja cha mtoto wa watu, na huo ndio ugonjwa pekee uliopona kwa kurudishwa ulikotoka.

Jumatatu likaja tangazo. "Wazazi wapendwa, mtoto mmoja amepata tetekuwanga. Atabaki nyumbani mpaka vipele vyote vikauke." Mtoto mmoja, jina hakuna. Jioni ile getini wazazi wote tulikuwa wapelelezi. Kila mtu anamsifia mtoto wa mwenzake shati lilivyompendeza, kumbe anachungulia shingo.

Kanuni yenyewe siipingi. Tatizo tetekuwanga haisomi matangazo. Mtoto huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla kipele cha kwanza hakijachomoza, kwa hiyo huyo aliyefungiwa nyumbani kazi yake alishaimaliza Ijumaa, wakipokezana filimbi moja mdomoni na wangu. Halafu ukishaupata, ugonjwa unajificha siku 10 hadi 21 ndipo ujitokeze. Mtoto mzima kabisa, anaruka kwenye kochi, anacheka, na wewe umemkodolea macho kama sufuria ya maziwa jikoni. Mgeni asiyetoa taarifa ana nafuu, utasema hukujua. Huyu anakwambia kabisa: nitafika, siku nitachagua mwenyewe.

Mama mkwe akapiga simu. "Mwacheni augue, baba, amalizane nayo. Sisi sote tuliugua, mbona tupo?"

Mkwe hajibiwi. Nikasema ndiyo mama mara nne, ya tano nikasingizia mtandao. Lakini moyoni nilikuwa na hotuba. Malizana gani, mama? Mwaka juzi si wewe uliyelala ubavu mmoja wiki tatu, hata kanga ikikugusa mbavu unapiga kelele? Ule mkanda wa jeshi ndiyo tetekuwanga yako ya utotoni. Mtu akipona, kirusi hakiondoki, kinajibanza kwenye mishipa ya fahamu, kinaweza kukaa kimya miaka hata hamsini, siku mwili ukichoka kinatoka tena. Ni mpangaji uliyemfukuza sebuleni ukasherehekea, kumbe kahamia stoo. Yote hayo nikayameza. Ndiyo, mama.

Jumanne nikambeba kijana kwenda kuchanjwa. Nesi akauliza waliachana lini na mgonjwa. Ijumaa, nikamwambia. Akahesabu vidole, akasema nimewahi, maana chanjo ikitolewa ndani ya siku tatu, hata tano, tangu mtoto akutane na ugonjwa, huweza kuuzuia au kuuvunja makali. Nikavimba kichwa kidogo. Mara ya mwisho kuambiwa nimewahi mahali, sikumbuki.

Kisha akanieleza kuwa ndani ya sindano kuna kirusi chenyewe cha tetekuwanga, kiko hai, ila kimedhoofishwa. Nikamtazama. Yaani nimekimbia tetekuwanga chekechea, nimepanga foleni saa mbili, nimekuja kuifuata huku? Akasema ndivyo mwili unavyojifunza. Dozi moja hukinga watoto wanane hivi kati ya kumi, ya pili ndiyo inayovusha tisa, na hata akija kuugua baada ya hapo, kwa kawaida vipele havifiki hamsini, wakati asiyechanjwa huweza kutoka mia mbili na zaidi. Sijui nani huwa anavihesabu. Mimi nikifika thelathini mtoto ameshakimbia.

Nikaambiwa nimpakate nimshike mikono. Nikamshika, nikageukia ukutani nikasoma bango la kunawa mikono kwa umakini mkubwa. Mtoto hakulia. Alilia baadaye, alipoomba bomba la sindano amchome nesi naye akanyimwa.

Chanjo hii ilitengenezwa na baba. Michiaki Takahashi, Mjapani, mwanawe wa miaka mitatu aliugua tetekuwanga vibaya miaka ya sitini, mzee akaingia maabara, mwaka 1974 akatoka na chanjo. Mke wangu ananisimulia habari hiyo kwa sauti fulani ambayo siipendi. Mimi mwanangu akiugua, hata kile kifuniko cha chupa ya dawa cha kubonyeza huku unazungusha, namwita yeye.

Nesi alinionya pia kwamba vipele vichache vinaweza kutokea baada ya chanjo, nisishtuke. Kumwambia mtu asishtuke ndiyo kumshtua kwenyewe. Kila usiku nikawa namkagua mtoto kwa tochi ya simu kama mlinzi wa benki. Kaumwa na mbu? Kikao. Kajikuna? Kikao.

Siku ya 12 namchukua chekechea, navua shati, mungu wangu! Tumbo jekundu, madoa ya duara, mengine mpaka kidevuni. Nikamwita mke wangu kwa sauti ya msiba. Akaja, akalamba kidole gumba, akasugua doa moja. Akaninyooshea kidole chake kikiwa chekundu.

"Wino."

Tukamuuliza mtoto nani kamchora. "Mimi." Kumbe darasani walikuwa wanacheza hospitali. Na kalamu ni ya chekechea, ile ya kuandikia ubaoni isiyotaka kutoka. Tulimsugua kwa sabuni mara mbili, tumbo likawa la waridi, madoa yako palepale.

Asubuhi getini mwalimu akamwona kidevu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Baba, kanuni unaijua. Mpaka vikauke."

"Mwalimu, hivi vimekauka tangu jana. Ni wino wenu."

Akasema ananiamini kabisa, nilete tu barua ya daktari. Sasa niko kwenye benchi, namba yangu 43, wameita 11, nasubiri daktari aandike kwa mkono wake kwamba mwanangu anaumwa kalamu.