Mtu Aliyeorodhesha Santuri

Juzi nilimsikia mtangazaji wa redio akiuweka hewani wimbo wa "El Manisero", kisha akawatangazia wasikilizaji, bila haya, kwamba ni wimbo wa kale wa Kongo usiojulikana mtunzi wake. Nilizima redio. Mtunzi ni Moisés Simons wa Havana. Bendi ya Don Azpiazú iliurekodi New York mwaka 1930, na santuri za Kicuba ndizo zilizovuka bahari zikaufikia Kongo.

Habari kama hizi hazijihifadhi zenyewe. Zinahitaji watu walio tayari kuitwa wendawazimu wa santuri, na kwangu mimi kinara wao ni Cristóbal Díaz Ayala, mwanasheria na mwandishi wa habari aliyezaliwa Havana mwaka 1930, akaihama Cuba mwaka 1960 na hatimaye akaweka makao Puerto Rico. Alikusanya makumi ya maelfu ya santuri, akaorodhesha rekodi za muziki wa Cuba, juzuu ya kwanza ikishughulikia miaka ya 1898 hadi 1925: nani aliimba, nini, na kwa kampuni ipi. Nakubali, tena shingo upande, kwamba orodha kama hiyo haisomwi kwa raha kitandani. Lakini bila orodha, mwanahistoria wa muziki hutofautiana vipi na mpiga soga wa kijiweni?

Wala hakuwa mtu wa namba tupu. Mwaka 1988 alichapisha historia ya nyimbo zilizozaliwa na miito ya wachuuzi wa Amerika ya Kilatini, "El Manisero" ikiwamo, kwani ni mwito wa muuza karanga. (Nani kwetu ameandika juu ya muuza kahawa anayegonganisha vikombe?) Na mwaka 2001 hazina yake aliikabidhi chuo kikuu cha Florida International, Miami, ili watafiti waitumie.

Sisi tulikuwa na mwimbaji Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba pale Morogoro, jina lenyewe likikiri deni kwa Havana, lakini tukitaka tarehe za rekodi zao tunakimbilia kwa wakusanyaji wa Ulaya.

Santuri za marehemu mjomba wangu zilikaa uvunguni mwa kitanda hadi panya wakatafuna majalada. Tulipozitoa mwaka jana, karatasi za katikati zilikuwa zimebanduka, na hakuna nyumbani aliyeweza kusema ni nani aliyekuwa akiimba.