Kosa 619 Haliponi kwa Kupiga Windo

Sema popote kwamba modemu yako ya USB inagoma kuunganika na intaneti na inaandika kosa 619. Jibu la kwanza litakuja kabla hujameza mate: piga windo upya, yaani futa kompyuta uweke Windows mpya. La pili: nunua modemu nyingine, hiyo imekufa. La tatu ni la wale waungwana: chomoa, chomeka tena. Hakuna anayeuliza laini ni ya mtandao gani, taa inawaka rangi gani, au modemu inaning'inia kwenye kebo ya mita ngapi. Kitasa kimekwama, tunashauriwa tubomoe nyumba.

Ushauri huu unaudhi kwa sababu una gharama. Mtu anapiga windo, anapoteza mafaili yake, anamlipa fundi, jioni anachomeka modemu ileile yenye mpangilio uleule mbovu, na 619 inamsalimia. Si ajabu. Mipangilio mingi inayosababisha kosa hili haikai kwenye kompyuta kabisa. Inakaa ndani ya modemu na kwenye laini. Ungefuta diski mara kumi, wala isingeguswa.

Tuelewane kuhusu hizo namba. 619 inasema tu kwamba mazungumzo na upande wa pili hayakufika popote, poti (mlango ambao kompyuta na modemu huzungumzia) ikafungwa. Nani alinyamaza, haisemi. 633 ina adabu zaidi: poti imeshikwa na programu nyingine, au haikupangwa sawasawa. 691 ni jina au nywila iliyokataliwa. 692 ni modemu yenyewe kushindwa. 734 maana yake kompyuta na mtandao walifika mpaka kwenye mazungumzo ya PPP, lugha yao ya kuunganishia, wakakosana hapo. Halafu kuna 777, inayodai kwamba modemu ya kompyuta ya mbali ni mbovu. Modemu ipi? Upande wa pili hakuna modemu, kuna mnara na mitambo ya kampuni. Maneno hayo ni ya enzi za kupiga simu ya mezani, modemu mbili zikipigiana miluzi, na Windows imeendelea kuyarithisha. Hata ile *99# unayoiweka kama namba ya kupiga haiiti popote. Ni agizo kwa modemu: fungua data. (Waliotumia modemu za CDMA, aina nyingine ya mtandao wa simu, watakumbuka #777. Ni kitu kilekile kwa jina jingine.)

Kwa hiyo acheni kuihoji Windows. Ihojini modemu. Modemu ya USB inaelewa amri za AT, yaani amri fupi za maandishi, na ukiiuliza vizuri inajibu vizuri kuliko fundi wengi.

Fungua Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, tafuta poti ya COM ya modemu. Kwenye Huawei huwa na maneno "PC UI Interface" pamoja na namba, tuseme COM5. Funga kabisa programu ya kuunganishia iliyokuja na modemu. Kuibonyeza X tu haitoshi, nyingi hujificha pale chini karibu na saa. Kisha fungua PuTTY, programu ya kuandikiana na poti, chagua Serial, andika COM5, mwendo 115200, ingia. Andika AT, bonyeza Enter. Likirudi neno OK, modemu iko hai. Kama huoni unachoandika, andika ATE1. Kama hakuna jibu lolote, habari za laini na APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu) ziweke kando. Tatizo lako ni draiva (programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa), tundu la USB au umeme, tutafika huko.

Sasa andika AT+CMEE=1, ili ikikosea itaje sababu kwa namba badala ya kukutupia ERROR tupu. Kisha AT+CPIN?. Ikijibu READY, laini inasomeka. Ikijibu SIM PIN, laini inadai namba ya siri, na hakuna APN duniani itakayosaidia mpaka uiweke. +CME ERROR: 10 ni kwamba haioni laini kabisa: itoe, futa sehemu ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, irudishe. Laini zilizokatwa kwa mkasi ili zienee simu mpya, halafu zikarudishwa kwenye modemu kwa kipande cha plastiki, ndizo zinazosumbua zaidi hapa.

AT+CSQ inakupa nguvu ya mawimbi kuanzia 0 hadi 31. Zidisha kwa 2, toa 113, unapata dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. 20 ni -73, raha tupu. 7 ni -99, hapo unaunganika kwa kubahatisha. 99 maana yake haijui, yaani hakuna kitu. Msiamini vile vimistari vya kwenye programu, kila mtengenezaji huvipaka rangi anavyotaka.

AT+CREG? ndiyo inayoumbua wengi. Jibu 0,1 ni kwamba imesajiliwa kwa mnara wa nyumbani. 0,5 iko ugenini. 0,2 bado inatafuta. 0,3 ni kwamba mtandao umeikataa, na ukikutana nayo, funga PuTTY ukaone habari za laini yako. Tanzania ilianza kufungia laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole Januari 2020, na modemu iliyolala kabatini tangu kabla ya hapo inaweza kuwa na laini ya namna hiyo tumboni. Hakuna windo itakayoisajili.

Baada ya hapo tunafika kwenye APN, mzizi wa 619 nyingi. Andika AT+CGDCONT? uone ndani kumeandikwa nini. Modemu iliyouzwa na kampuni moja, ikafunguliwa mtaani, ikatiwa laini ya kampuni nyingine, mara nyingi bado imebeba APN ya mwenyewe wa kwanza. Utakuta "tigoweb" ndani, laini ni ya Airtel. Iandike upya:

AT+CGDCONT=1,"IP","internet"

"internet" inafaa kwa Vodacom na Airtel za Tanzania. Safaricom ni "safaricom", jina saf na nywila data. Hapa kuna mtego wa kijinga: ukiinakili amri hii kutoka WhatsApp au Word, alama za kufungua na kufunga usemi (") hugeuka zile zilizopinda, modemu inajibu ERROR, na wewe unaapa kwamba amri ni ya uongo. Ziandike kwa mkono.

Mtego wa pili: hiyo 1 ni namba ya profaili, yaani nafasi ya kuhifadhia APN ndani ya modemu. Kama APN yako imekaa profaili ya 2 na unapiga *99#, modemu huenda kwenye profaili yake ya kawaida, na inaweza kuikuta tupu. Piga *99***1# ili uilazimishe kutumia ya 1. Ukitaka kuijaribu APN bila kuihusisha Windows, andika AT+CGACT=1,1. Modemu nyingi zitajibu OK, na AT+CGPADDR=1 itaonyesha anwani uliyopewa. Umepata anwani? Basi laini, mnara na APN havina hatia. Na ukiandika ATD*99# ukaona CONNECT ikifuatiwa na takataka zinazoanza hivi, ~ÿ}#, usishtuke. Hiyo ni PPP inabisha hodi ikisubiri kompyuta iitikie. Ila usisherehekee CONNECT peke yake: modemu nyingi huisema mapema, kabla mtandao haujaikubali APN.

Ili mpangilio usipotee, Windows ina nafasi yake: Device Manager, Modems, sifa za modemu, kichupo cha Advanced, kisanduku cha "Extra initialization commands". Bandika ile amri ya CGDCONT humo, itatumwa kila ukiunganisha.

Jamani, umeme! Modemu nyingi "zilizokufa" zinakufa kwa njaa. Tundu la USB 2.0 linaahidi miliampia 500. Modemu ikiwa imetulia hula kidogo sana, ndiyo maana taa inawaka vizuri na kila kitu kinaonekana sawa. Sasa bonyeza unganisha. Inaanza kurusha mawimbi, na kama mnara uko mbali inarusha kwa nguvu zote. Kwenye 3G kikomo chake ni takriban robo ya wati. Ikiteleza kwenda 2G ya masafa ya 900 MHz, kikomo ni wati 2, kwa mikupuo mifupi mifupi. Kila mkupuo unavuta mkondo, volti inashuka, modemu inajizima na kuwaka upya. Windows inaona mtu katoweka katikati ya salamu: 619, 628, yoyote iliyo karibu. Dalili yake ni moja na haidanganyi: unasikia ule mlio wa kuchomoa na kuchomeka wakati hujagusa kitu.

Sasa ongeza kebo. Watu wa mbali na mnara hununua kebo ya kurefusha, wakaitundika modemu dirishani au ndani ya sufuria. Sufuria sina ugomvi nayo, chuma huakisi mawimbi na ukiipatia pembe yake inasaidia. Ugomvi ni kebo. Nyaya za umeme za kebo ya bei poa ni 28AWG (AWG ni kipimo cha unene, namba ikikua waya unakuwa mwembamba), kiasi cha ohm 0.21 kwa mita. Kebo ya mita 3, umeme unakwenda na kurudi, ni mita 6, karibu ohm 1.3. Kwa miliampia 500 umepoteza volti 0.6 na zaidi njiani. Zilitoka 5, zinafika 4.36, na kompyuta yenyewe pengine haikutoa 5 kamili. Kebo ya 24AWG yenye urefu huohuo inapoteza kama 0.25 tu. Huhitaji kipimo dukani, soma maandishi ubavuni mwa kebo: 28AWG/1P+24AWG/2C maana yake nyaya za data ni nyembamba lakini za umeme ni nene, chukua hiyo. Ukikuta 28AWG/1P+28AWG/2C, mrudishie mwenye duka. Isiyoandikwa kitu, usiiguse. Kwa kompyuta ya mezani, chomeka nyuma kwenye bodi yenyewe, acha matundu ya mbele. Na habu (kigawio cha matundu ya USB) isiyo na umeme wake, inayolisha kipanya, kibodi na modemu kwa tundu moja, ni uonevu.

Kama modemu inaunganika lakini ukiiacha dakika kadhaa inagoma mpaka uichomoe, Windows imeilaza. Nenda USB Root Hub, kichupo cha Power Management, toa ile tiki inayoiruhusu kompyuta kuzima kifaa.

Haya, nikubali kidogo, japo kwa shingo upande. Kuna siku kupiga windo kunaponya kweli. Kompyuta iliyowahi kupokea modemu tatu za kampuni tatu ina draiva tatu zinazogombania poti na programu tatu zinazoamka pamoja asubuhi. Kupiga windo kunazifagia. Lakini ufagio huohuo upo Device Manager: menyu ya View, "Show hidden devices", kila kifaa cha modemu kilichofifia rangi, bofya kulia, ondoa. Toa na programu zao. Washa upya, weka draiva moja. Dakika kumi, na picha za harusi zimebaki mahali pake.

Modemu inayokatika kila ikiruka kati ya 2G na 3G, ifunge kwenye 3G peke yake. Kwa Huawei nyingi za zamani ni AT^SYSCFG=14,2,3FFFFFFF,1,2 na ukitaka kuirudisha weka 2 badala ya 14.

Wa Linux, modemu ikionekana kama CD, usb_modeswitch, programu ya kuigeuza iwe modemu, haijafanya kazi yake. Mnajua kusoma lsusb, endeleeni.

Wanaotumia simu ya mkononi kama modemu kwa waya wa USB, kwenu hakuna 619. Kwenu ni alama ya "No Internet" na ukimya. Andika ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa kitu na simu: badilisha waya kwanza, maana nyaya nyingi za chaja hazina nyaya za data ndani, ziko za kuchajia tu. Ikianza na 192.168, umeungana na simu, tatizo liko mbele. Simu yenyewe inafungua kurasa ila kompyuta haifungui? Ingia kwenye mpangilio wa APN ya simu, sehemu ya aina ya APN, hakikisha neno dun limo, mfano default,supl,dun. Kuna simu ambazo bila neno hilo hazigawi data hata ukizisomea dua.

Na pia mjue kutofautisha. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Hitilafu ya aina ile haikupi 619. Unaunganika, unapewa anwani, kurasa ndiyo hazifunguki. Siku kama hiyo usimpigie fundi.

Modemu ya kutupa ni ile isiyojibu AT kwenye kompyuta mbili tofauti, imechomekwa moja kwa moja bila kebo, draiva ikiwa sahihi. Na kabla hujaitupa, toa laini, ina namba zako.